Sauti ya Treni Isiyosimama

Jumatatu, 2 Juni

Kaka,

Kwanza salamu, halafu lawama, halafu shida. Nimezipanga hivyo makusudi ili usiishie njiani.

Salamu: sisi wazima. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini mdomo hauna maumivu hata kidogo. Lawama: tangu mwezi uliopita nimekupigia simu mara kumi na moja. Ama inaita mpaka inakata, ama anapokea wifi na kuniambia, "Yupo kazini." Hata Jumapili? Tangu upandishwe cheo hapo redioni, naona masikio yako yanasikia wakubwa wenzako tu.

Haya, shida. Ila yenyewe ni shida tamu. Treni inarudi! Miaka kumi na mmoja majani yameota kati ya reli, na sasa Jumamosi tarehe 21 stesheni yetu inafunguliwa. Nami nimepata kazi pale: karani wa stesheni, yaani tiketi, matangazo, kompyuta, na ufagio pia. Mkuu wa stesheni ni mzee waliyemtoa kwenye pensheni. Anatembea na filimbi shingoni siku nzima, na treni yenyewe hata moja haijafika.

Treni mbili zitasimama kwetu kila siku. Ya tatu, ile ya kasi, haisimami. Inapita saa nne na dakika arobaini, nasi tuko kwenye kona: ukiwa jukwaani huioni mpaka imeshakufikia. Kwa hiyo makao makuu wametoa sharti. Pasipo onyo linalojipiga lenyewe, hata kama ofisini hakuna mtu, stesheni haifunguliwi. Kuna kifaa kimefungwa relini kilomita nne kabla. Treni ikikikanyaga, kompyuta yetu inapata taarifa, na skripti, yaani orodha ya amri inayofanya kazi nyuma ya pazia, inacheza tangazo kwenye spika za jukwaani. Skripti hiyo nimeiandika mimi, na sauti ni yangu! Ile kozi ya jioni uliyoicheka, ndiyo hiyo. Na kompyuta inatumia Linux, kama zenu.

Sasa sikia. Nikiandika amri kwa mkono wangu, spika zinanguruma mpaka njiwa wanaruka kutoka kwenye bati. Nikiiacha skripti ijiendeshe yenyewe, kimya. Hata mkwaruzo hakuna. Nimemwambia Mkuu ni jambo la siku mbili. Ilikuwa wiki iliyopita.

Nipigie leo. Tafadhali.

Mdogo wako,
Chiriku


Jumanne, 3 Juni

Chiriku,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikasahau kukaa. Treni kwetu! Na wewe ndani ya ofisi yake! Kozi ya jioni naiomba radhi hadharani.

Simu tuiache. Amri za kompyuta haziendi kwa simu. Nukta moja ikipotea, kazi yote imekwenda na maji. Niandikie, nitakujibu siku hiyo hiyo.

Ukitafuta sauti iliyopotea, usianze kuuliza kwa nini haisikiki. Uliza kama imepigwa. Huenda skripti haiamki kabisa. Huenda inaamka, inajaribu, inakataliwa. Ukiendesha amri mwenyewe, makosa unayaona kwenye kioo. Ikijiendesha nyuma, inalalamika gizani peke yake. Ipe daftari. Mwisho wa ule mstari unaocheza tangazo, ongeza hivi:

>> /home/stesheni/daftari.txt 2>&1

Malalamiko yote yatajiandika humo. La pili, taja njia kamili ya kila kitu: programu ya kucheza sauti iko wapi, faili la tangazo liko wapi. Wewe ukikaa pale, kompyuta inajua vitu vyako unaviweka wapi. Kazi ya nyuma ni mgeni jikoni. Usimwambie "lete kikombe", mwambie kabati lipi, rafu ipi.

Kisha nitumie kilichoandikwa, neno kwa neno. Usinisimulie. Nakujua unavyosimulia.

Kaka yako


Jumatano, 4 Juni

Kaka,

Daftari limesema! Mafundi wa reli walilipitisha toroli lao juu ya kile kifaa asubuhi, mimi nimekodoa macho kwenye kioo kama paka mbele ya tundu. Mara ya kwanza liliandika kwamba programu haijulikani. Nikacheka peke yangu: mgeni jikoni, kama ulivyosema. Nikaandika njia kamili. Nikawapigia mafundi warudie. Wakarudia, wananung'unika. Sasa limeandika hivi, neno kwa neno, bwana mkubwa:

Connection failure: Connection refused

Yaani skripti imefika mlangoni, imegonga, imefukuzwa. Imefukuzwa na nani? Kompyuta ni ile ile, spika ni zile zile, na mimi nikigonga nafunguliwa!

Mkuu amekuja kusimama nyuma yangu na filimbi yake. Akauliza, "Imekataa nini?" Nikamwambia imekataliwa kuunganishwa. Akafikiri sana, kisha akasema, "Basi iombe radhi."

Mji mzima umepata wazimu, Kaka. Watu wanapaka rangi uzio bila kuambiwa. Fundi cherehani wa ng'ambo ya reli ameniomba ratiba ya treni, ameibandika dukani kwake, na treni haipo bado!

Niambie nifanye nini. Sitaki kulala na neno "refused" kichwani.

Chiriku


Alhamisi, 5 Juni

Chiriku,

Sasa tumefika penyewe. Nilipoona maneno hayo nilipiga meza kwa furaha, mwenzangu hapa chumba cha mitambo akageuka kunitazama.

Kwenye hizi kompyuta, programu inayogawa sauti haikai sebuleni. Inakaa chumbani kwa yule aliyeingia na jina lake. Wewe umeingia kama "stesheni", kwa hiyo sauti iko chumbani kwa "stesheni". Skripti yako umeiwasha kwa jina la root, mwenye mamlaka yote. Ukadhani mwenye mamlaka yote atafunguliwa kila mlango. Siyo kwa sauti. Kwa sauti yeye ni mtu wa nje.

Fungua lile faili linalowasha skripti. Weka mistari hii miwili:

User=stesheni
Environment=XDG_RUNTIME_DIR=/run/user/1000

Wa kwanza unaipa skripti jina la mwenye chumba. Wa pili unaionyesha chumba kilipo. Ile 1000 ni namba ya mtumiaji. Hakikisha kwa amri ya id -u, ikija nyingine, weka hiyo.

Washa upya, waombe mafundi wapitishe toroli. Wape chai kwanza.

Kaka yako


Ijumaa, 6 Juni

KAKA!

IMESEMA! Imesema yenyewe! Toroli lilipita, nikahesabu moja, mbili, tatu, na spika zote nne zikafunguka: "Tafadhali rudi nyuma ya mstari wa njano. Treni inayokuja haisimami." Sauti yangu mwenyewe, na mdomo wangu umefumba! Nilitoka nje mbio. Mkuu alikuwa jukwaani anafunga kamba ya kiatu. Aliruka nyuma ya mstari kabla hajajua anaruka, kisha akapiga filimbi. Hakuna aliyemwambia apige. Alipiga tu!

Nimewapigia mafundi, nao wakapiga kelele huko huko porini.

Nakuambatanishia faili la sauti. Nimeirekodi jukwaani, spika zikiwa zinasema. Isikilize vizuri, Kaka. Wewe miaka ishirini ulikuwa ndiye sikio la redio nzima. Mtangazaji akila kipande cha mkate kabla ya kipindi, ulikuwa unajua. Niambie ukweli, hata kama inauma: nasikika? Maneno yanafika? Wakaguzi wanakuja Alhamisi, na sitaki waniambie wao kabla yako.

Chiriku wako


Jumamosi, 7 Juni

Mdogo wangu,

Nimeisikiliza. Sauti ni safi, haijakwaruza popote, haikupanda kupita kiasi. Maneno yanatoka vizuri. Huna haja ya kurudia kurekodi. Nimejivunia sana.

Kila la heri Alhamisi.

Kaka yako


Jumapili, 8 Juni

Kaka,

Nimekaa na barua yako tangu jana. Nikaenda kulifungua tena lile faili nililokutumia, kwa sababu Mkuu alikuwa analitafuta faili lake.

Sikukutumia tangazo. Kwa haraka zangu nilikutumia Mkuu akifanya mazoezi ya hotuba ya ufunguzi. Dakika mbili. Anakohoa, anaanza upya, anasema "mabibi na mabwana" mara tano, katikati anapiga chafya. Sauti ya mzee wa miaka sabini na moja, Kaka. Nawe ukaniandikia kuwa maneno yangu yanatoka vizuri.

Hukulifungua. Ungesema tu: "Chiriku, sina muda." Ningelia kidogo, yangekwisha. Lakini umenipa sifa za uongo, kama mtoto anayepewa pipi aondoke mlangoni.

Nilikuwa nakutetea kila mtu akisema umebadilika. Shangazi akisema cheo kimekupanda kichwani, namkatiza. Mama peke yake ndiye anayesema, "Mwache, mwanangu ana jambo." Sasa sijui nimtetee nani.

Asante kwa mistari miwili. Inafanya kazi.

Karani wa stesheni


Alhamisi, 12 Juni

Kaka,

Hukujibu, na nilikuwa nimeapa sitakuandikia. Lakini kiapo changu hakiwezi kufungua stesheni.

Wakaguzi wamekuja watatu, na mkubwa wao ni mama mmoja mwembamba mwenye daftari jekundu. Toroli likapita, tangazo likasema, wote wakaandika. Nikajua tumemaliza. Kisha yule mama akaniuliza, "Wewe huwa unaingia saa ngapi kazini?"

"Saa mbili."

"Na ukiumwa?"

Nikatazama ufunguo mkononi mwangu.

"Izime kompyuta," akasema. "Iwashe. Usiandike jina, usiandike neno la siri. Toka, funga mlango, nipe ufunguo."

Tukasimama jukwaani wote. Toroli likapita. Mafundi wakapiga simu: "Tumepita!" Dakika moja. Mbili. Njiwa wanatembea juu ya bati, tunasikia kucha zao. Kimya. Kaka, kile kimya kilikuwa kirefu kuliko treni.

Akafunga daftari lake. "Nitarudi Jumatatu," akasema. "Mara moja tu. Siwezi kuweka watu kwenye kona ile kwa bahati."

Mkuu alivua filimbi akaitia mfukoni. Ndiyo mara ya kwanza naiona shingo yake tupu.

Nikiingia na jina langu, inasema. Nisipoingia, haisemi. Daftari limeandika lile lile: refused. Kama hukuisikiliza sauti yangu basi, lakini nisaidie hili. Si kwa ajili yangu.

Chiriku


Ijumaa, 13 Juni

Chiriku, mdogo wangu,

Dawa kwanza, maana Jumatatu haisubiri. Mimi ndiye niliyekosea, si wewe: nilikupa ufunguo wa chumba, nikasahau kwamba chumba chenyewe kinajengwa mtu akiingia na kubomolewa akitoka. Kompyuta ikiwaka bila mtu kuingia, hakuna chumba, hakuna programu ya sauti, skripti inagonga hewa. Andika amri hizi mbili:

sudo loginctl enable-linger stesheni
sudo usermod -aG audio stesheni

Ya kwanza inaiambia kompyuta: chumba cha stesheni kiwe wazi tangu inapowaka, awepo mtu asiwepo. Ya pili inampa stesheni ruhusa ya kudumu kugusa spika, kwa sababu ruhusa ya kawaida nayo huondoka na mtu. Kisha izime, iwashe, usiiguse, funga mlango, uwaite mafundi. Fanya hivyo mara tatu.

Sasa hilo jingine. Nimeliandika mara nne tangu Jumapili na kulifuta mara nne.

Sisikii, Chiriku.

Lilianza sikio la kushoto, mwaka juzi. Nikahamisha vipokea sauti upande wa kulia nikaendelea na kazi. Mwezi wa Oktoba mwaka jana likafuata la kulia. Daktari amesema ni mishipa, na haitarudi. Cheo hakuna. Walinihamisha kutoka studio kwenda chumba cha mitambo kwa huruma, kwa sababu kompyuta hazihitaji fundi anayesikia. Niliwaambia nyumbani nimepandishwa, wifi yako nikamwapisha. Ukipiga simu, anaitazama inavyowaka juu ya meza, ananitazama mimi, kisha anakuambia nipo kazini. Akikata anaenda kulia jikoni, anadhani sijui.

Faili lako nililifungua. Nililifungua mara saba. Kompyuta huchora sauti kama mawimbi kwenye kioo. Nikaangalia mchoro, nikaona mawimbi yamesimama vizuri, hayajakatwa juu, nikaandika "safi". Mchoro hauonyeshi ni nani anasema. Hauonyeshi hata chafya. Sikukudanganya kwa sababu wewe ni mdogo. Nilikudanganya kwa sababu uliniita sikio la redio.

Wiki hizi mbili za skripti yako zimekuwa wiki zangu nzuri kupita zote tangu Oktoba. Nilikuwa naamka mapema kutazama kama umeandika.

Mwambie Mama wewe. Mimi sitaweza.

Kaka yako


Jumatatu, 16 Juni

Kaka yangu,

Nimelia mpaka Mama akadhani stesheni imeungua. Nikamwambia. Akasema, "Nilijua ni jambo, sikujua ni lipi." Halafu akasema, "Basi kuanzia leo ninajifunza kuandika ujumbe, nipe hiyo simu." Ujumbe ule wenye herufi zote kubwa uliokufikia jana ni wake. Ilimchukua robo saa. Usimcheke.

Na mimi unisamehe. Mara kumi na moja nilikupigia, na kila mara nilikukasirikia kabla hujakosea.

Sasa sikia. Samahani, soma! Amri mbili nilizitia Ijumaa ile ile. Nikafunga mlango, nikakaa nje juu ya ndoo. Mafundi wakapita. Ikasema. Tukarudia. Ikasema! Ya tatu Mkuu aliomba afunge mlango yeye mwenyewe, hataki kusikia habari za wengine. Ikasema, akakaa kwenye benchi akajifuta uso kwa kofia.

Leo yule mama wa daftari jekundu amefika. Akazima, akawasha, akaniondoa ofisini, akafunga kwa mkono wake, akaweka ufunguo kwenye mkoba wake. Toroli likapita. Na spika zote nne: "Tafadhali rudi nyuma ya mstari wa njano." Hakutabasamu. Alichungulia tu viatu vyake, akaona viko mbele ya mstari, akarudi nyuma. Kisha akasaini.

TUNAFUNGUA, Kaka! Jumamosi! Njoo na wifi. Panda ile ya asubuhi, inafika saa tatu na nusu, hiyo inasimama. Nitakuwa na sare mpya na daftari mfukoni, tutaongea kwa kalamu mpaka mikono iume.

Chiriku wako


Jumatatu, 23 Juni

Chiriku,

Tumefika salama. Wifi yako analala kwenye kiti na viatu vyake. Tangu Jumamosi hajamdanganya mtu, uso wake umepungua miaka.

Ulinipa daftari zima la maneno na mimi nikakupa nusu, kwa sababu kuna moja lilinishinda kuandika mbele za watu. Naliandika sasa.

Ile saa ya treni ya kasi, wewe ulikuwa dirishani kwa tiketi na wifi amekwenda kumtafutia Mama kiti. Nilikuwa peke yangu ukingoni. Nilikuwa nimeinama natazama wapi zile nyaya za spika zinashuka, ufundi hauniachi. Nilikuwa mbele ya mstari wa njano, Chiriku. Sikufikiri kabisa.

Mara nikaona miguu. Pembeni yangu palikuwa na viatu vyekundu vya mwanamke, vikarudi hatua mbili. Nikainua macho. Yule fundi cherehani akakunja gazeti na kurudi. Baba mmoja akavuta mkono wa binti yake. Mama, kule mwisho, akaegemeza fimbo nyuma na kurudi. Jukwaa zima, watu wapatao mia, walirudi pamoja kana kwamba mtu amewavuta kwa uzi mmoja, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Wote walikuwa wametazama juu, kwenye spika.

Nikarudi nami.

Kisha ikapita. Sikuisikia ikija, wala ikiondoka. Niliona ukuta wa madirisha, kofia yangu ikapaa, kifua kikatetemeka kama ngoma. Nilipotazama chini, viatu vyangu vilikuwa hatua mbili nyuma ya mstari.

Umeniuliza tangu tarehe sita kama unasikika. Nakujibu sasa, kwa ukweli: unasikika mpaka kwa kiziwi.

Lakini hiyo ilikuwa kwa sababu kulikuwa na watu. Siku nyingine jukwaa linaweza kuwa na mtu mmoja, na mtu huyo akawa kama mimi. Kwa hiyo usiniletee furaha bado, kuna kazi. Skripti ile ile inayocheza tangazo inaweza kuwasha taa nyekundu kila mwisho wa jukwaa. Inahitaji swichi ndogo na mistari minne. Nimeiandika leo asubuhi, nimeiambatanisha, na safari hii nimefungua faili mara mbili kuhakikisha ni lenyewe. Swichi nitaileta mwenyewe.

Leo nimemwambia bosi wangu asiniandike tena "amehamishwa kwa muda". Aandike fundi mitambo. Kisha nikaomba ruhusa ya Jumamosi.

Akaniuliza kwa maandishi ninakwenda wapi. Nikamwandikia: kuna stesheni inanihitaji.

Kaka yako,
fundi wa taa